Masta ya utawala wa umma au masta ya maendeleo: ipi itakubeba kama kazi yako ni jamii hapa Uganda

Kuna mashine ya kusaga muhogo ambayo akina mama wa sabkaunti moja huku magharibi waliisubiri miezi saba na haikufika, na mimi ndo nilikuwa CDO wao, yaani afisa maendeleo ya jamii. Kikundi kilikuwa kimekamilika, wanawake 24, nusu raia na nusu wakimbizi kutoka Kongo, mikutano yote tulifanya kwa Kiswahili sababu ndo lugha iliyowakalisha wote mkeka mmoja. Katiba ya kikundi ipo, akaunti ya benki ipo, na pesa ya mashine yenyewe ilishaingia kwa akaunti ya serikali. Tarehe 30 Juni ikafika, mwaka wa fedha ukafungwa, pesa ikarudi Hazina. Siku nilienda kuwaambia, mwenyekiti wao hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, sasa sisi tulikosea wapi?" na sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu nilikuja kulipata miaka miwili baadae nikiwa darasani jioni, somo la fedha za umma. Ile mashine haikuwa imeandikwa kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka ule. Pesa tulikuwa nayo ila manunuzi hatukuyaanzisha mapema, na ukifika robo ya nne ya mwaka hakuna tena muda wa kutangaza tenda, kusubiri, kufungua, kusaini mkataba, alafu sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 iko wazi kwamba pesa isiyotumika hadi mwaka unafungwa inarudi. Akina mama hawakukosea popote. Aliyekosa kujua ni mimi niliyekuwa na digrii ya social work na nikidhani kazi yangu inaishia kwa kikundi kuundwa vizuri.

Kwa hiyo vijana wa fildi wakiniuliza masta gani wachukue, ya utawala wa umma au ya maendeleo, hilo swali silijibu haraka haraka. Nimesoma ya kwanza, nimefanya kazi miaka mingi na waliosoma ya pili, na nimeona vizuri kila moja inakujenga wapi na inakuacha mtupu wapi.

Tunalinganisha nini hasa

Upande mmoja kuna utawala wa umma. Wengi wanaijua kupitia UMI, yaani Uganda Management Institute, pale Jinja Road Kampala, chuo kilichoanza 1969 kikiitwa chuo cha utawala wa umma, kazi yake ikiwa kuwafundisha watumishi wa serikali ya nchi iliyokuwa bado changa. Sasa kina matawi Gulu, Mbarara na Mbale, na kinatoa masta pamoja na ile diploma ya baada ya digrii ambayo wote tunaiita PGD. Makerere nao wana masta ya utawala wa umma na menejimenti. Upande wa pili kuna familia kubwa ya masomo ya maendeleo: Makerere kuna masta ya maendeleo ya vijijini na ile ya kupanga na kusimamia sekta ya jamii iliyo chini ya idara ya social work, Nkozi kwa Uganda Martyrs kuna masta ya development studies, na vyuo vingine vina za kwao za karibu karibu na hizo.

Alafu kuna upande wa tatu ambao watu wanausahau, kutosoma masta yoyote kwa sasa, nitaurudia.

Darasa linakupa nini

Utawala wa umma unakufundisha pesa na madaraka vinavyotembea. Yaani nani anasaini, kwa sheria ipi, mwezi gani, na akikataa unaenda wapi. Nilikuwa nimefanya kazi serikalini miaka minne bila kuelewa kwa kina kwamba kwa wilaya, mtu mwenye jukumu la mwisho la kila shilingi ni CAO, yaani afisa mkuu wa utawala wa wilaya, na kwamba mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, na kelele zake zote za mkutanoni hasaini malipo. Nilikuwa nalalamika bajeti ya idara yetu ni ndogo, na kikao cha bajeti cha wilaya kinakaa Oktoba ama Novemba sisi tuko fildi, hatujapeleka hata karatasi moja. Ikifika Mei baraza linapitisha bajeti ya mwaka unaofuata ndo tunaamka.

Kitu kimoja kilichonifungua macho kabisa ni mgawanyo wa mapato ya ndani. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1997, kodi na ada zinazokusanywa vijijini, sabkaunti inabaki na asilimia 65 na wilaya inachukua 35, alafu kwenye ile 65 ya sabkaunti kijiji, yaani LC1, kina haki ya asilimia 25. Nilikuwa nasikia wenyeviti wa LC1 wakiuliza "pesa yetu iko wapi" nikidhani wanasumbua tu, kumbe wanauliza kitu cha kisheria. Na jibu lenyewe pia nililipata kwenye somo hilo hilo: tangu kodi ya kichwa iliposimamishwa 2005, sabkaunti nyingi za vijijini zinakusanya kidogo sana, kwa hiyo asilimia 25 ya kidogo ni kidogo zaidi. Ukilijua hilo unaacha kumuahidi mwenyekiti kitu, unakaa nae mnahesabu ada za soko la wiki, mnaona kama kuna hata ya kutengeneza pampu ya kisima.

Masta ya maendeleo haikupi hayo, au inakupa juu juu. Inakupa macho mengine. Rafiki yangu aliyesoma maendeleo ya vijijini alikuja kunisaidia kukagua vikundi, tukakaa mkutano mmoja saa nne asubuhi, wanaume wamejaa mbele, wanawake sita tu nyuma kimya. Mimi nilikuwa nahesabu mahudhurio ili niandike ripoti. Yeye akatoka nje akaenda hadi kwa bomba la maji, akawakuta wanawake wengine kama thelathini kwenye foleni ya jerikeni, akauliza mkutano huwa mnaambiwa lini, wakasema tunaambiwa ila maji yanafunguliwa saa hiyo hiyo. Tukahamisha mkutano saa tisa na kikundi kikabadilika sura. Hakuna somo la utawala wa umma nililosoma lingenitoa kwenye kile kiti niende kwa bomba. Yeye alifundishwa kuuliza nani hayupo, na kwa nini hayupo, na nani anafaidika akikosekana, na ukimsikia akiongea unaona ameshazoea kufikiri hivo.

Chukua PDM, ule mpango wa serikali wa kukopesha watu kupitia parishi, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya sabkaunti, sababu ndo kazi inayokula muda wetu wote sasa. Ilizinduliwa Februari 2022 kule Kibuku, milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, mtu anakopa hadi milioni moja kupitia SACCO ya parishi. Aliyesoma utawala wa umma akikaa na hiyo faili anaona usajili wa SACCO, anaona akaunti, anaona parishi chifu amebeba mzigo wa karani, mhasibu na mhamasishaji kwa wakati mmoja, anaona ripoti ambayo mkaguzi wa hesabu ataitaka. Aliyesoma maendeleo anaona mjane asiye na shamba ameingizwa kwa kikundi cha ng'ombe wa maziwa sababu ndo kikundi kilichokuwa na nafasi, na anajua huyo mama atamuuza ng'ombe ndani ya miezi mitatu na deni litabaki. Wote wawili wanaona kweli. Shida ya ofisi nyingi ni kwamba wanakaa vyumba tofauti na mwenye sahihi ni yule wa kwanza.

Ngazi ya kazi

Hapa ndo tofauti inauma zaidi kwa hiyo soma taratibu.

Ukiwa CDO serikalini una ngazi mbili mbele yako. Ya kwanza ni ya idara yako: CDO, CDO mwandamizi, hadi afisa maendeleo ya jamii wa wilaya anayeongoza idara nzima ya huduma za jamii, huko kuna ustawi wa watoto, jinsia, kazi na ajira, wazee, walemavu, elimu ya watu wazima. Kwenye ngazi hiyo masta yoyote inayohusiana inakubalika, na ukweli ni kwamba ya maendeleo au social work inakaa vizuri zaidi kwenye intavyu sababu maswali yenyewe yanahusu jamii. Ila angalia juu. Kiti cha mkuu wa idara ni kimoja kwa wilaya nzima na aliyekikalia anaweza kukikalia hadi astaafu.

Ngazi ya pili ni ya utawala wenyewe. Unaanza kama chifu wa sabkaunti, ile nafasi ambayo kwenye karatasi inaitwa katibu msaidizi mwandamizi, unapanda hadi naibu CAO, hadi CAO. Tangu katiba irekebishwe 2005, CAO na naibu wake wanaajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma Kampala na wizara inawahamisha wilaya hii hadi ile, wakati wewe CDO umeajiriwa na tume ya wilaya yako na utazeekea hapo. Huku masta ya utawala wa umma ama ile PGD ndo lugha inayoongewa. Na kitu ambacho watu wanakuja kukigundua siku ya kujaza fomu: matangazo mengi ya chifu wa sabkaunti yanataka pia cheti cha sheria cha maafisa utawala kutoka LDC, yaani Law Development Centre, kozi fupi tu, lakini bila hicho cheti masta yako inabaki kwa bahasha. Nimeona watu wawili wazuri sana wakikosa nafasi kwa sababu hiyo peke yake.

Kuna watakaosema CDO akienda utawala amewaacha watu. Sikubaliani. Chifu wa sabkaunti aliyewahi kuwa CDO ni zawadi kwa watu wa pale, anajua vikundi kwa majina, na sasa ana kalamu. Sabkaunti niliyofanya kazi vizuri kuliko zote maisha yangu ilikuwa na chifu wa aina hiyo, mzee aliyeanzia Nsamizi kule Mpigi, chuo kilichofundisha kizazi kizima cha maafisa wetu wa jamii, alafu akarudi shule akiwa mtu mzima kusomea utawala. Kila Septemba alikuwa anatuita wote, "Leteni mahitaji ya vikundi sasa, si Juni mnaniletea machozi." Mashine zilikuwa zinafika.

Upande wa NGO

Kwa muda mrefu masta ya maendeleo ndo ilikuwa funguo ya huko. Mashirika yalitaka mtu anayejua kuandika mradi, kupima matokeo, kuongea na donaa, na mishahara ilikuwa mbali na ya serikali kabisa. Alafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje na baadae USAID yenyewe ikafungwa, na sisi tunaofanya kazi karibu na wakimbizi tuliliona kwa macho, ofisi zenye magari kumi zikabaki na mlinzi getini. Marafiki zangu wenye masta nzuri, watu wenye akili na moyo, walipoteza kazi wiki moja. Hilo halikuwa kosa la masomo yao. Ila unayechagua leo lazima ulipime: kazi ya NGO inafuata mradi na mradi unafuata nchi ya mtu mwingine, kazi ya serikali inalipa kidogo ila mwisho wa mwezi ipo.

Na kwenye mshahara tusidanganyane. Serikalini masta haiongezi hata shilingi moja ukibaki cheo kile kile, kinacholipwa ni skeli ya cheo. Zaidi ya hapo, nyongeza kubwa ya 2022 ilienda kwa wanasayansi na sisi wa jamii tukabaki tulipokuwa. Mtu anayekopa kwa SACCO kusoma masta akitegemea mshahara utapanda akimaliza, tafadhali kwanza aulize tume ya wilaya yake kuna nafasi ngapi wazi juu yake. Unaweza kumaliza na ukasubiri miaka mitano.

Muda, ada na ile tasnifu

Hapa tofauti ni ndogo. Masta zote mbili kwa kawaida zinapangwa miaka miwili, PGD mwaka mmoja. Utawala wa umma umezoea watu walio kazini, kuna jioni na wikendi na vipindi vya mfululizo, kwa hiyo mtu wa Mbarara ama Gulu anaweza kusoma bila kuhamia Kampala. Masomo ya maendeleo yanakutaka uwepo zaidi na usome sana, na kama uko Isingiro na motokaa ya kwenda Kampala inachukua nusu siku, hiyo nauli na kulala uiandike kwa bajeti pembeni ya ada. Uliza pia ada ya utafiti, ya mtihani na ya mahafali, maana ile karatasi ya kwanza huwa inaonesha ada ya masomo tu.

Kinachozamisha watu pande zote mbili ni tasnifu. Darasa watu wanamaliza vizuri, alafu wanarudi kazini, supavaiza anarudisha kazi, PDM inawaita, mtoto anaugua, mwaka unapita na mwingine unapita. Ushauri wangu, chagua mada ya sabkaunti yako mwenyewe kabla hata hujaanza. Mimi niliandika kuhusu kwa nini pesa za vikundi zinachelewa, data ilikuwa kwa kabati langu, niliowahoji ni watu nilioonana nao kila Jumatatu. Wenzangu waliochagua mada kubwa za nchi nzima, wengine hadi leo hawajamaliza.

Sasa we uko wapi

Kama uko serikalini, una miaka mitatu na kuendelea, na kinachokunyima usingizi ni pesa kukwama na maamuzi kufanywa usipokuwepo, nenda utawala wa umma na wala usianze na masta. Anza na PGD. Mwaka mmoja unakupa sehemu kubwa ya kile unachokosa, inahesabika kwenye matangazo, ukiona inakufaa unaendelea hadi masta, ukiona maisha yamebana umebaki na karatasi kamili mkononi. Wakati huo huo tafuta kile cheti cha LDC.

Kama uko NGO ama unataka kubaki karibu na watu, kufanya utafiti, kuandika miradi, kufundisha siku moja, masta ya maendeleo itakulisha zaidi, na sitaki mtu akwambie ni ya daraja la chini. Ila kabla ya kumaliza jifunze bajeti ya serikali inavyoenda, hata kwa kukaa na mpangaji wa wilaya wiki mbili, sababu donaa wakiondoka, kama tulivyoona, kile kikundi chako kitabaki na sabkaunti tu, na wewe ndo utakuwa unakifahamu zaidi kuliko mtu yeyote.

Kama umetoka kumaliza digrii jana na hujawahi kulala fildi, usichukue yoyote. Hapa niko mkali kidogo. Nimefundisha kazi vijana wenye masta ambao hawajui kuendesha mkutano wa watu kumi, hawajui kunyamaza mzee akiongea, wanafungua kompyuta wakati mama anasimulia mwanae alivyopotea njiani kutoka Kivu. Masta ya utawala inakuongezea nguvu juu ya kitu ulichonacho tayari, na kama huna kitu bado inakufanya tu mtu wa mafaili. Kaa kwanza miaka miwili, mitatu, Kyaka, Nakivale, Karamoja, Kisenyi, popote pale, ukosee, watu wakukosoe. Maswali utakayoingia nayo darasani baadae ndo yatakuwa na maana.

Na kwa dada aliyeniandikia kutoka Kyaka, aliyesema ana miaka minne kama msaidizi wa CDO, anaongea Kiswahili, Runyoro na Kinyarwanda, na mume amekubali ila pesa ni ya kozi moja tu: dada, chukua PGD ya utawala, tawi la Mbarara, vipindi vya wikendi. Lakini kabla ya fomu, nenda kwa ofisi ya manunuzi ya wilaya uombe kuona mpango wa manunuzi wa mwaka huu, uangalie vikundi vyako vimo au havimo. Kama havimo, anzia hapo wiki hii, bado kuna muda kabla ya Juni.